Kubuni Mchezo wa Kompyuta wa Mipango Miji: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Wengi wanaojaribu kutengeneza mchezo wa kupanga mji hukwama mahali pamoja. Ramani ipo, barabara zinachoreka, nyumba zinaota, fedha zinapanda na kushuka pembeni mwa skrini. Mchezaji anacheza dakika kumi, kisha anauliza, "Sasa nifanye nini?" Mwenye mchezo anadhani kasoro ni picha. Anaongeza miti, anaongeza magari, anaongeza hata uwanja wa ndege, na swali linabaki lile lile.

Kasoro huwa ni ardhi. Ramani inaanza ikiwa kijani kitupu, kana kwamba hakuna aliyewahi kulima pale wala kuzika mtu wake. Mji wa namna hiyo huuoni Uganda, si Kampala, Mbale wala Busia. Kila kipande kina mwenyewe, mara nyingine wawili, na anayekaa chini ya kilima ndiye anayepokea maji ya waliojenga juu. Mwongozo huu unaanzia hapo: ardhi yenye watu, na maji yanayoteremka. Mambo hayo mawili yakikaa sawa, picha mbaya hazitamfukuza mchezaji.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Daftari la miraba, penseli, kete moja, na maharage ya rangi mbili au tatu. Usiviruke hivi kwa kuviona vya kitoto. Hatua mbili za mwanzo hazihitaji umeme kabisa.

Kompyuta yoyote inayofanya kazi, hata ya mtumba, mradi ina kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 4 au zaidi.

Godot 4, programu ya bure ya kutengenezea michezo. Haihitaji kusakinishwa: unafungua faili na kuanza. Ukiunda mradi mpya itakuuliza namna ya kuchora. Kama mashine yako ni ya zamani, chagua Compatibility.

LibreOffice Calc, nayo ni ya bure, kwa ajili ya namba.

Flashi ya kuwekea nakala. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kuharibika, na kazi ya wiki nzima ikapotea. Kila jioni nakili folda nzima na uipe jina la tarehe ya siku hiyo.

Na watu watatu wa kucheza nao. Angalau mmoja asiwe mtu wa kompyuta.

Hatua ya 1: Andika ugomvi mmoja

Usianze na orodha ya majengo. Andika sentensi moja inayoweza kuwagombanisha watu wazima. Mfano tutakaoutumia hadi mwisho ni huu: barabara ya kwenda sokoni ipite bondeni kwenye mafunjo, ambako ni karibu na hakuna wa kulipwa fidia, au izunguke kilima kupitia bibanja, yaani vipande vya ardhi wanavyokalia watu?

Unaweza kuchagua mwingine. Stendi ya taksi iondolewe katikati ya mji au ibaki? Dampo liwekwe wapi? La dampo lina uzito wake, kwa sababu gharama yake huja ikiwa imechelewa. Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30, baada ya miaka mingi ya taka kurundikwa pale pale. Mchezo unaomwonyesha mchezaji bei ya uamuzi wake miaka kumi baadaye una nguvu kuliko unaomtoza papo hapo.

Sababu ya kutaka ugomvi mmoja ni kwamba ndio utakaokukatalia mambo. Hospitali, shule, mnara wa simu: chochote kisichogusa barabara ya bondeni kinaandikwa kwenye ukurasa wa "baadaye".

Angalia usije ukaandika "mchezaji ni meya, anaendesha kila kitu." Huo ni wadhifa tu, ugomvi haumo.

Utajua umefaulu ukiwasomea watu wawili sentensi yako nao wakaanza kubishana kabla hujamaliza.

Hatua ya 2: Ucheze kwenye karatasi

Chora gridi ya miraba 12 kwa 12. Kila mraba andika mwinuko wake, kuanzia 0 bondeni hadi 4 kileleni. Weka vilima viwili na bonde katikati. Bondeni paka rangi mafunjo. Soko liko upande mmoja, makazi upande wa pili.

Sasa kipimo. Viwanja vingi vinavyotangazwa kuuzwa Uganda ni vya futi 50 kwa 100. Basi fanya mraba mmoja uwe futi 50 kwa 50, yaani kama mita 15, na kiwanja kimoja kiwe miraba miwili. Baadaye, ramani ya kompyuta yenye miraba 40 kwa 40 itakuwa mji wa ekari 90 hivi. Yatosha. Anayetaka kutengeneza Kampala nzima kwa mara ya kwanza hamalizi hata mtaa mmoja wa Katwe.

Maharage meupe ni nyumba, mekundu ni fedha, kete ni mvua. Zamu moja ni msimu mmoja, kwa sababu kusini mwa Uganda mvua huja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kila zamu mchezaji anajenga, kisha kete inatupwa: ikitoka 5 au 6, mvua ni kubwa. Mchezo mzima ni miaka 15, zamu 30.

Wape wenzako nafasi: mmoja afisa mipango, mmoja mwenye kibanja njiani, mmoja mfanyabiashara wa sokoni. Kaa kimya usikilize. Mwenye kibanja akisema, "Bwana mipango, hapa yuko baba yangu kaburini, unanilipa nini?" andika. Hiyo ni kanuni ya mchezo imejileta yenyewe.

Kama hakuna aliyekasirika hata kidogo mpaka zamu ya kumi, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 3: Kila mraba uwe na mwenyewe

Hapa ndipo mchezo wako utakapoachana na michezo ya mji iliyotengenezwa kwingine, kwa hiyo usiharakishe.

Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 237, inataja namna nne za kumiliki ardhi: ya kimila, milki huru, mailo, na ya kukodi kwa muda. Kila moja iwe na tabia yake kwenye mchezo, si rangi yake tu.

Milki huru ndiyo nyepesi. Mwenye mraba ni mmoja, bei ni moja, jibu linapatikana zamu hiyo hiyo.

Ya kukodi ina saa inayohesabu. Mchezaji akisubiri muda wa mkataba uishe, anapata mraba kwa bei ndogo. Akiharakisha, analipa miaka iliyobaki. Ni namna nzuri ya kumfundisha mtu subira bila kumhubiria.

Ya kimila, ambayo ni ya kawaida kaskazini, Gulu au Arua kwa mfano, fanya bei yake iwe ya wastani lakini muda uwe mrefu. Ukoo lazima ukae. Zamu mbili au tatu zinapita kwenye vikao, na mvua haisubiri.

Mailo ndiyo roho ya mchezo ukiuweka Buganda. Mwenye hati yupo, na juu ya ardhi hiyo hiyo yupo mwenye kibanja anayelipa busuulu, yaani kodi ya ardhi, kila mwaka. Sheria inamlinda: hafukuzwi hivi hivi, bali kwa amri ya mahakama akishindwa kulipa busuulu. Kwa hiyo kila mraba wa mailo uwe na majina mawili, na barabara ikipita wote wawili walipwe. Mchezaji akimalizana na mwenye hati akadhani kazi imekwisha, mwenye kibanja aonekane dirishani zamu inayofuata. Wengi watalalamika kwamba si haki. Waache walalamike.

Halafu kanuni iliyo juu ya zote: ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia ya haki ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa. Kwenye mchezo maana yake ni kwamba greda halisogei mpaka fedha itoke. Usimpe mchezaji kitufe cha kubomoa bure. Kitufe hicho kimoja kinaua mchezo mzima, kwa sababu kinafuta kila uamuzi ulioujenga.

Ongeza kikao cha LC1, yaani baraza la kijiji. Kinakula zamu moja, lakini kinapunguza uwezekano wa mtu kukataa. Mchezaji mwenye haraka atakiruka. Mwenye akili atakiitisha mapema, kabla ya kutangaza mradi. Na makaburi: mraba wenye kaburi ulipwe zaidi na uchelewe zamu moja.

Onyo: usitumie majina ya wamiliki wa kweli, wala ramani ya viwanja halisi vyenye kesi. Buni mji wako. Sura ya vilima unaweza kuazima popote.

Hatua ya 4: Namba kwenye jedwali kabla ya msimbo

Fungua Calc. Lengo ni kuona kama kishawishi kipo, na kama adhabu inachelewa vya kutosha. Namba zinazofuata ni za mchezo tu, zibadilishe utakavyo.

Mji una watu 1,000, kila kaya watu 5, kila kaya inalipa sarafu 1 kwa mwaka. Mapato ni sarafu 200. Watu wanaongezeka asilimia 5 kwa mwaka, hivyo baada ya miaka 14 wameshakuwa karibu maradufu. Ndiyo sababu mchezo ni wa miaka 15: mji unaomaliza nao si ule ulioanza nao.

Mraba mmoja wa barabara ni sarafu 10. Fidia ya kibanja ni 20. Kufukia mraba wa mafunjo ni 8.

Njia ya bondeni ni miraba 6: (10 + 8) × 6 = 108. Njia ya kilimani ni miraba 9, mitano kati yake ikiwa bibanja: 90 + 100 = 190. Umeona kishawishi? Ya kilimani inameza bajeti ya mwaka karibu yote. Ya bondeni inaokoa sarafu 82 na haina vikao.

Sasa adhabu. Kila mraba wa mafunjo unashika vipimo 12 vya maji. Ukifukia sita, vipimo 72 vinakosa pa kukaa. Mraba wa makazi unahesabiwa umefurika ukifikia vipimo 6, kwa hiyo miraba 12 ya nyumba inaingia maji kila mvua kubwa inayojaza bonde. Kukarabati mraba mmoja ni sarafu 3, jumla 36. Kete ya 5 au 6 hutoka theluthi ya mara, na misimu ni miwili kwa mwaka, basi hasara ya wastani ni sarafu 24 kwa mwaka. Zile 82 zinamalizika kabla mwaka wa nne haujaisha, na miaka mingine kumi na moja imebaki.

Hapo ndipo pazuri. Adhabu ikija mwaka wa kwanza, mchezaji anarudia mchezo na kupita kilimani bila kufikiri. Ikija mwaka wa kumi, haoni uhusiano. Kati ya mwaka wa tatu na wa tano anakumbuka alichofanya na anauma kidole.

Cheza jedwali lako mara kadhaa kwa njia zote mbili. Ikiwa njia moja inashinda kila mara kwa tofauti kubwa, badilisha fidia au gharama ya kufukia mpaka zikaribiane. Kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu, marekebisho haya yangekula siku. Kwenye jedwali ni kubadilisha namba moja.

Hatua ya 5: Data kwanza, picha baadaye

Sasa Godot. Mji usiishi ndani ya picha. Uweke kwenye orodha za namba: orodha ya mwinuko, ya mwenye mraba, ya matumizi, ya maji. Picha inasoma orodha na kuchora tu. Kwa njia hii utahifadhi mchezo kwa kuandika orodha kwenye faili, na utabadilisha picha zote bila kugusa kanuni.

Mraba ulio safu y na nguzo x kwenye ramani ya upana wa 40 una nambari y * 40 + x. Hapa kuna mtego unaowanasa karibu wote. Jirani wa kulia wa mraba i si i + 1 daima. Mraba wa mwisho wa safu ukiuongezea moja, unaruka hadi mwanzo wa safu inayofuata, na maji yako yatatokea upande wa pili wa mji kwa muujiza. Angalia x kabla ya kumtafuta jirani.

Mwanzoni chora miraba ya rangi tupu: kahawia kwa mwinuko, buluu kwa maji, kijivu kwa barabara.

Hatua ya 6: Maji yateremke

Maji ya vilima vya Kampala huingia mfereji wa Nakivubo na kuishia Ziwa Victoria. Upande wa pili, mtaa wa Bwaise, ulio bondeni kuelekea kinamasi cha Lubigi, hufurika kwa sababu uko chini na waliojenga juu yake ni wengi. Mchezo wako hauhitaji fizikia kubwa kuonyesha hilo. Unahitaji kanuni mbili.

Kanuni ya kwanza ni kunyonya. Mvua kubwa inaweka vipimo 10 kwenye kila mraba. Shamba linanyonya 7, barabara ya udongo 4, mabati au lami 1. Kinachobaki kinashuka: 3, 6 au 9. Angalia hesabu hiyo vizuri. Shamba la kilimani likigeuka nyumba za mabati, maji yanayoshuka yanakuwa mara tatu, hata kama hakuna aliyegusa bonde. Mchezaji aliyechagua njia ya kilimani kwa usafi wa moyo, kisha akaruhusu kila mtu ajenge kando yake, naye atafurika. Kwa hiyo mpe zana za kujiokoa: mifereji, miti, na makalvati makubwa.

Kanuni ya pili ni mwendo. Kila mraba una uso wa maji, yaani mwinuko mara 20 ukijumlisha maji yaliyo juu yake. Maji yanahamia kwa jirani mwenye uso wa chini kabisa, nusu ya tofauti, bila kuzidi uwezo wa kupitisha wa mraba huo (`jirani_wa_chini` ikirudisha -1, hakuna jirani aliye chini):

```
func mwendo_wa_maji():
    var mapya = maji.duplicate()
    for i in range(maji.size()):
        var j = jirani_wa_chini(i)
        if j == -1:
            continue
        var tofauti = (uso(i) - uso(j)) / 2
        var yanayohama = min(maji[i], tofauti, uwezo[i])
        mapya[i] -= yanayohama
        mapya[j] += yanayohama
    maji = mapya
```

Orodha ya `mapya` ipo kwa sababu. Ukibadilisha orodha ya `maji` moja kwa moja ukiwa bado unaipitia, tone la kileleni linaweza kufika ziwani kwa mzunguko mmoja, tena likielekea upande mmoja tu wa ramani, ule unaousoma mwisho. Soma ya zamani, andika kwenye mpya, badilishana mwishoni.

Endesha mzunguko huu mara 60 kwa kila mvua, kisha ondoa kinachoshikwa na mafunjo. Mraba wa nyumba uliobaki na vipimo 6 au zaidi umefurika.

Ili ujue kama umepatia, jumlisha maji yote kabla na baada ya mizunguko. Jumla isibadilike hata kipimo kimoja. Ikibadilika, kuna maji yanayozaliwa au kupotea mahali, na mara nyingi ni pembeni mwa ramani. Kipimo cha pili ni cha macho: funga mfereji mmoja, nyesha mvua, uone kama anayefurika ni yule uliyemtarajia.

Hatua ya 7: Watu na safari

Usitengeneze mtu mmoja mmoja anayetembea. Mashine ya kawaida itachoka nawe utachoka kabla yake. Kila mraba wa nyumba uhesabu umbali wake hadi sokoni kwa barabara iliyopo, basi. Umbali ukizidi kiasi fulani kaya inapunguza kodi. Barabara ikifurika umbali unaongezeka msimu huo. Boda boda zinaweza kupita njia za mraba mmoja zisizo barabara, taksi haziwezi, na tofauti hiyo ndogo inatosha kumfanya mchezaji afikirie vichochoro.

Hatua ya 8: Picha, sauti, maneno

Hapa usipoteze muda. Paa la mabati lionekane ni mabati, mafunjo yaonekane ni mafunjo, mvua isikike. Weka vitufe vitatu vya kubadilisha mtazamo: wenye ardhi, mwinuko, maji. Maneno yote yaweke kwenye faili moja la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, ambalo Godot inalisoma kama tafsiri, ili Kiswahili, Kiganda na Kiingereza vibadilishwe bila kugusa msimbo. Na andika fidia kama "fidia", si "gharama". Mchezaji ajue analipa mtu.

Hatua ya 9: Wape watu, unyamaze

Kaa nyuma ya mchezaji usiseme neno. Akiuliza, mjibu, "Jaribu uone." Andika pale aliposimama zaidi ya dakika moja bila kufanya kitu, na pale alipobonyeza mara mbili kitu kisichobonyezeka. Usimwulize kama ameupenda. Kwa heshima yake kwako atasema ndiyo. Muulize kwa nini alipitisha barabara pale.

Weka namba ya bahati isiyobadilika kwa kutumia `seed()` ili wachezaji wote wapate mvua zile zile. Bila hivyo hutajua kama aliyeshinda alipanga vizuri au alibahatika na ukame.

Mchezo uko tayari kutolewa pale wachezaji wawili wanapomaliza mvua zile zile wakiwa na miji miwili tofauti, na kila mmoja anaitetea njia yake mbele ya mwenzake. Wakifika hapo, utoe kwanza kwa simu za Android, maana wengi watauchezea huko. Hakikisha vitufe vinatoshea kidole gumba, na faili la kuhifadhi linaandikwa mwisho wa kila zamu, si mchezaji anapofunga.